Binadamu Wanaogeuka: Katika Senema na Hapa Kwetu

Wasomaji wengi wa gazeti hili, wanafunzi wa leo na wale wa zamani, wamepata kuketi kwenye benchi la kibanda cha video, iwe Arua, iwe Koboko, iwe hapa Inde, wakamtazama mtu akigeuka kuwa kitu kingine. Ngozi inapasuka, vidole vinagandamana, jino linadondoka kiganjani. Mfasiri, ambaye Uganda nzima humwita VJ, anapaza sauti kuishinda jenereta na kutia mzaha wake katikati ya maneno ya wachezaji, na watoto wa mbele wamefunika macho huku wakichungulia kati ya vidole. Nataka kueleza kidogo asili ya picha hizo na jinsi zinavyotengenezwa, kisha nieleze kwa nini mtu wa West Nile ana sababu ya kuzitazama kwa jicho lake mwenyewe, wala si kwa jicho la yule aliyezitengeneza.

Kwanza, tusidhani kuwa hofu ya mwili uliogeuka imeletwa kwetu na senema. Wazee wa Kilugbara walimweleza Adro, ambaye ni Mungu kwa upande ule ulio karibu na watu, akaaye mitoni na maporini, kuwa ni mrefu, mweupe, tena ni nusu mtu: ana jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, na mguu mmoja anaorukia. Walisimulia pia habari za Dribidu, mmoja wa mashujaa wa asili ambao koo nyingi zimetoka kwao, kwamba mwili wake ulifunikwa na nywele, na kwamba huko ng'ambo ya mashariki ya mto Nile alikuwa akiwala watoto wake mwenyewe, mpaka alipogunduliwa na kufukuzwa. Bwana John Middleton, Mwingereza aliyekaa na Walugbara kati ya miaka ya 1949 na 1952, aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1960. Na huko pwani, nani asiyejua habari za mwanamke mzuri wa Mombasa ambaye chini ya buibui lake ana kwato?

Basi senema iliongeza nini? Iliongeza sababu. Katika hadithi za zamani mtu hugeuka kwa laana, au kwa uchawi, au kwa kuwa ndivyo alivyo tangu mwanzo. Katika picha za kubuni za kisayansi hugeuka kwa dawa, kwa mashine, kwa mionzi, au kwa kidudu kisichoonekana kwa macho. Anayegeuka mara nyingi ni mtu mwenye elimu kama sisi tunavyotaka kuwa, na aghalabu amejitakia mwenyewe.

Mfano wa zamani ni Dk. Jekyll, aliyetungwa na Robert Louis Stevenson mwaka wa 1886, naye hunywa dawa akawa mtu mwovu aitwaye Hyde. Hadithi hiyo imepigwa picha mara nyingi, lakini ile ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian, ina jambo ambalo kila mwanafunzi wa fizikia atalipenda. Uso wa mchezaji, Fredric March, unabadilika mbele ya macho ya watazamaji bila kamera kusimamishwa. Walifanyaje? Picha zilikuwa bado za nyeusi na nyeupe. Walimchora makunyanzi na vivuli kwa rangi nyekundu, kisha wakaweka kioo chekundu mbele ya kamera. Kwa kioo hicho rangi nyekundu haionekani, na uso ni safi. Wakikibadili kioo polepole na kuweka cha rangi nyingine, yale makunyanzi hujitokeza kuwa meusi, kana kwamba yanaota kutoka ndani. Jaribuni wenyewe kwa kalamu nyekundu na karatasi nyekundu ya peremende yenye kuangaza, mtaona ukweli wake.

Baada ya bomu la atomiki la 1945 picha hizi ziliongezeka sana. Katika The Incredible Shrinking Man ya 1957 mtu anapitiwa na ukungu baharini, akaanza kupungua kidogo kidogo mpaka akapigana na buibui kwa pini. Mwaka uliofuata ikatoka The Fly, yaani Nzi. Mtaalamu amebuni mashine ya kusafirisha vitu: kitu huwekwa katika chumba kimoja, kikafumuliwa chembe kwa chembe, kikaungwa tena katika chumba cha pili. Siku anapojiingiza mwenyewe kuna nzi ndani naye hajui. Anatoka ana kichwa na mkono wa nzi.

Mwaka wa 1986 David Cronenberg wa Kanada aliitengeneza upya picha hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote za aina yake. Seth Brundle hageuki mara moja. Anaanza kwa kuona ana nguvu nyingi. Kisha nywele ngumu zinaota mgongoni, kucha zinabanduka, anachechemea, na mwisho hatembei kama mtu. Mageuzi yanakwenda kwa hatua za ugonjwa, juma baada ya juma, na mgonjwa anajiandikia habari zake kama daktari. Wengi Marekani waliiona kuwa ni picha ya ukimwi, kwa kuwa ilitoka katika miaka ile; Cronenberg mwenyewe alisema kuwa alifikiria ugonjwa na uzee kwa jumla. Kwetu Uganda, ambako ukimwi uliitwa Slim, na chini ya jina hilo ukaandikwa katika gazeti la madaktari la Lancet mwaka wa 1985, hapakuhitajiwa picha ya kuonyesha mtu anavyopungua ndani ya nguo zake.

Wakati ule mambo haya yalifanywa kwa mikono: mpira wa majimaji, gundi, rangi, na saa nyingi za kukaa kitini. Rob Bottin, aliyetengeneza miili ya kutisha ya The Thing ya mwaka 1982, alikuwa kijana wa miaka 22 tu kazi ilipoanza. Chris Walas na mwenzake Stephan Dupuis walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi yao ya The Fly. Siku hizi kompyuta imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ingawa The Substance ya mwaka 2024, iliyopata Oscar ya mapambo ya uso, imeonyesha kuwa mpira na gundi havijastaafu.

Lakini picha iliyo karibu nasi kuliko zote haina damu wala ngozi inayopasuka. Ni Invasion of the Body Snatchers ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Don Siegel. Katika mji mdogo wa California mtoto anakimbia akilia kwamba mama yake si mama yake. Mwanamke mmoja anamwambia daktari kuwa mjomba wake, Ira, si yeye. Sura ni ile ile, sauti ni ile ile, mambo ya zamani anayakumbuka, ila kitu fulani machoni kimetoka. Baadaye inajulikana kuwa maganda makubwa ya mbegu kutoka mbinguni huotesha nakala ya kila mtu, na nakala hiyo huchukua nafasi ya mwenyewe wakati amelala. Kwa hiyo daktari na mchumba wake hawathubutu kulala. Usiku kucha wanapigana na usingizi, na yule mwanamke anashindwa.

Mtu aliyewahi kumwuguza mgonjwa wa malale hapa West Nile anayajua hayo tangu kale. Ugonjwa huu huletwa na kidudu kidogo sana kiitwacho tripanosoma, nacho huchukuliwa na mbung'o wakaao katika vichaka vya mitoni. Aina ya kwetu, ile ya gambiense, huenda polepole: mtu anaweza kukaa nayo miezi mingi, hata miaka, akidhani ana homa ya kawaida. Kisha kidudu kinaingia katika ubongo. Mgonjwa analala mchana, usiku yu macho. Mpole anakuwa mkali, msafi anakuwa mchafu, mwenye haya anasema maneno ya aibu mbele ya wakwe. Jamaa wanatazamana. Huyu si baba. Wengine husema amerogwa, na fedha ya hospitali ikaenda kwa mganga.

Uganda imeujua ugonjwa huu kwa msiba. Kando ya Ziwa Victoria, katika miaka ya kwanza ya karne iliyopita, watu zaidi ya 200,000 walikufa. Kwetu magharibi ya Nile ulipanda tena katika miaka ya 1980, baada ya vita kuwafukuza watu wengi kwenda Zaire na Sudan na hatimaye wakarudi. Dawa ya wakati ule kwa mgonjwa aliyekwisha kuingiliwa ubongoni ilikuwa melasoproli, na ndani yake mna aseniki, ambayo ni sumu. Iliunguza mishipa ilipoingia, na katika kila wagonjwa 100 waliochomwa, 5 hivi waliuawa na dawa yenyewe. Zaidi ya hayo, katika kituo cha Omugo ilionekana kuwa wagonjwa wengi mno walirudiwa na ugonjwa baada ya kutibiwa.

Kwa nini mwili wenyewe haukishindi kidudu hiki? Hapa ndipo sayansi inapozidi senema. Tripanosoma amevaa koti la protini. Walinzi wa damu wanalijifunza koti hilo na kuanza kuwaua wenye kulivaa. Lakini wachache miongoni mwao wamekwisha badili koti, nao wanaongezeka, na walinzi wanaanza kujifunza upya. Kidudu kina mamia ya makoti ya akiba, yameandikwa katika urithi wake. Ndiyo sababu homa hupanda na kushuka, na ndiyo sababu hakuna chanjo mpaka leo. Katika The Thing watu waliokwama katika barafu ya kusini mwa dunia wanawindwa na kiumbe kinachoweza kujifanya mtu yeyote, na hawamjui aliyekwisha kuchukuliwa mpaka wanapoijaribu damu ya kila mmoja kwa waya wa moto. Watazamaji wa Marekani waliona kuwa ni jambo la ajabu. Kwetu watu walipanga foleni chini ya mwembe, wakachomwa kidoleni, tone la damu likatiwa katika kadi, na aliyeonekana nacho hakuchomwa moto bali aliandikwa jina na kupelekwa kutibiwa.

Tena kisa chetu kimekwenda mbele kuliko kile cha senema. Kandokando ya mito yetu vilisimamishwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi uliotiwa dawa, maana mbung'o hupenda rangi ya buluu, akitua, anakufa. Ikaja dawa isiyo na aseniki, na mwaka 2018 ikaidhinishwa ya kumeza tu, feksinidazoli, kwa siku 10. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina hii imekoma kuwa tatizo la afya ya umma katika Uganda. Mjomba Ira wa senema hakurudi. Wa kwetu wamerudi wengi, wakauliza walikuwa wapi siku zote hizo.

Hiyo ni habari ya sura iliyobaki na mtu akaondoka. Iko nyingine ya kinyume chake, yaani mtu yumo ila sura imeondoka. Katika mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Baadaye kidogo akaona mtoto mwingine wa namna ile Jinja. Mwaka wa 1958 akaandika habari za uvimbe huo, nao leo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Ni saratani ya watoto, na ni katika zile zinazokua upesi kuliko zote: uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno yanalegea, jicho linasukumwa nje. Hapana fundi wa Hollywood aliyepata kubuni mageuzi ya haraka kuliko hayo.

Wasomaji wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya habari hii ni ya West Nile. Kusini kidogo ya mji wa Arua, katika hospitali ya misheni ya Kuluva, alikuwako Dk. Ted Williams, ambaye aliandika kwa uangalifu habari za kila mgonjwa. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na Burkitt na Dk. Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa motokaa kuukuu ya Ford, wakasafiri maili karibu 10,000 kwa muda wa majuma 10, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmeuona uvimbe huu? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kuwa ugonjwa hukaa penye joto na mvua, na haupatikani katika nchi za juu zenye baridi. Ilifanana sana na ramani ya malaria. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wamekiona ndani yake kirusi kigeni. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Watu wazima karibu wote duniani wanacho, kimelala kimya. Kwetu malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mtoto, nacho kikapata nafasi.

Ili kuhakikisha, kati ya miaka ya 1972 na 1974 watoto 42,000 wa wilaya hii walitolewa damu kidogo ikahifadhiwa, wakangojewa. Wachache waliopata uvimbe baadaye walionekana kuwa damu yao ya awali ilikuwa na alama nyingi za kirusi hicho, kabla ya ugonjwa kutokea. Watoto 42,000! Labda babu au bibi yako ni mmoja wao, wala hakuambiwa kuwa amechangia elimu ya dunia.

Na uvimbe huu husikia dawa. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kuwa siklofosfamidi yaweza kuuyeyusha kwa siku chache, kwa kasi ile ile uliyojia. Mtoto anaingia hospitalini na uso usiotambulika na mama yake. Akiwahi, uso unarudi. Katika maabara ya senema mtu huingia akatoka jitu. Mimi sijapata kuona picha hata moja inayoonyesha safari ya kurudi.

Hilo ndilo ninalowalaumia watengenezaji wa picha. Wameufanya uso ulioharibika kuwa alama ya uovu: tazama ni mara ngapi adui ana kovu, au jicho bovu, au ngozi iliyoungua. District 9 ya mwaka 2009, iliyopigwa Johannesburg, inajitahidi zaidi. Wikus ni karani wa kuwahamisha viumbe wageni kutoka katika mabanda yao; anapoanza kugeuka kuwa mmoja wao, kwanza mkono, marafiki zake wa ofisini ndio wanaotaka kumkatakata kwa ajili ya utafiti. Hapo mtazamaji anaona ni nani aliyegeuka. Hata hivyo picha hiyo nayo iliwafanya Wanigeria kuwa wala nyama za watu, na serikali ya Nigeria ikaipiga marufuku, nadhani kwa haki.

Sinayo haki ya kuwalaumu sana. Nilipokuwa shule ya msingi mwenzetu mmoja alirudi darasani baada ya kukaa hospitalini muda mrefu. Taya lake lilikuwa limepinda upande na meno kadhaa hayakuwapo, ila alikuwa mzima. Tulikuwa tumeona kibandani picha moja ya jitu la kutoka angani lenye mdomo wa kufunguka pande nne, nasi tukampa jina lake, tukamwita Predator. Aliitwa hivyo mpaka tulipomaliza darasa la saba. Jina hilo nililianzisha mimi.

Miaka michache baadaye tulikwenda naye kibandani, na picha ya siku hiyo ilikuwa The Fly ya Cronenberg. Kuna mahali ambapo sikio la Brundle linabanduka, naye anamwomba mchumba wake msaada kwa sauti ya mtoto. Kibanda kizima kilicheka. VJ alisema neno, nasi tukazidi kucheka. Kisha yule mwanamke akamkumbatia hivyo hivyo alivyo, na watu wakapiga kelele za kuchukizwa. Mwenzangu alikuwa kimya.

Tulipotoka nikamwuliza kama aliogopa. Akasema hapana, ila alitaka kujua jambo moja: yule mwanamke ana motokaa, mbona hakumpeleka hospitali?

Nikamweleza kuwa ni hadithi tu, na tena ugonjwa ule hauna dawa.

"Hata wangu walisema hauna," akanijibu. "Mama alinipeleka."